Muulize Mama Fundi: Skripti inachukua dakika 52, na asubuhi tovuti 31 zimegoma

Shikamoo Mama Fundi. Nina miaka 24, natunza seva kwenye kampuni ndogo ya tovuti hapa Sinza, ghorofani juu ya duka la vifaa vya umeme. Tuna tovuti 280 za wateja, zote ni WordPress, zote kwenye seva moja ya Linux, ndani ya `/home`. Mwezi uliopita hifadhidata ilihamishiwa mashine nyingine, anwani ikabadilika kutoka 10.0.0.5 kuwa 10.0.0.50. Bosi akaniambia nibadilishe faili zote za mipangilio usiku, wateja wakiwa wamelala. Niliandika hivi:

```
for f in $(find / -name "*.php"); do
  if cat $f | grep -q "10.0.0.5"; then
    cp $f $f.bak
    sed -i "s/10.0.0.5/10.0.0.50/g" $f
  fi
done
```

Nilianza saa tano usiku. Hadi dakika ya kumi na tatu skrini haijaonyesha kitu, nikadhani imeganda, nikaikatiza kwa Ctrl+C na kuianzisha upya. Ikachukua dakika 52. Asubuhi tovuti 31 hazikufunguka. Nilipozichungulia nikakuta anwani imeandikwa 10.0.0.500, na sijui nani aliiandika. Nilizirekebisha moja moja hadi saa tisa alasiri huku simu zinalia. Mwezi ujao hifadhidata inahama tena. Bosi anasema seva ni dhaifu, tununue kubwa zaidi. Nifanyeje ili skripti iende haraka?

*Kijana wa Sinza*

Marahaba mwanangu, na pole kwa siku ile. Kasi nitakujibu kwa urefu, lakini kuna jambo haliwezi kusubiri umalize kusoma. Kwenye skripti yako `find` inatafuta faili, `grep` inatafuta maneno ndani yake, `cp` inanakili na `sed` inabadilisha maandishi. Iliacha faili ya `wp-config.php.bak`, nakala ya mipangilio ya WordPress, ndani ya folda ya kila tovuti. Seva ya wavuti ikiona jina linaloishia na `.php` huiendesha, na mgeni haoni kilichomo. Ikiona `.bak` inaichukulia kama maandishi ya kawaida na kumpa yeyote aliyeiomba. Maana yake, kwa mpangilio wa kawaida wa seva, mtu yeyote duniani anayeandika anwani ya tovuti ya mteja wako, mkwaju (`/`), halafu `wp-config.php.bak`, anasoma jina la hifadhidata, mtumiaji na nywila yake. Wapo watu ambao kazi yao ni kupita tovuti moja baada ya nyingine wakiomba jina hilohilo.

Kwa hiyo weka gazeti chini kwanza. Orodhesha nakala zote kwa `find /home -name '*.php.bak'` na uhifadhi orodha hiyo, kwa sababu ni ushahidi: kila `.bak` ya usiku ule inakuonyesha faili ambayo skripti iliigusa. Ukiona kwenye orodha faili isiyo `wp-config.php`, ifungue uilinganishe na nakala yake, maana huenda ulibadilisha kitu ndani ya plagini (programu ya nyongeza) ya mteja bila kujua. Ukimaliza, hamishia nakala hizo nje ya folda za tovuti, au zifute. Ukitumia `-delete` ya `find`, neno hilo liwe la mwisho kabisa kwenye amri. Likitangulia `-name`, `find` itaanza kufuta kila kitu kabla haijafika kwenye sharti lako. Kisha tafuta `wp-config.php.bak` kwenye kumbukumbu za wageni wa seva. Ukikuta mtu aliiomba na akajibiwa 200, yaani alipewa, nywila ya tovuti hiyo si siri tena. Ibadilishe, na ubadilishe pia zile funguo ndefu zilizomo kwenye faili hiyohiyo. Mimi ningebadilisha zote 280 hata kama kumbukumbu ni safi, kwa kuwa kumbukumbu zenyewe hufutwa baada ya muda na mwezi mzima umeshapita.

Sasa, nani aliandika 10.0.0.500? Ni skripti yako. Mzunguko wa kwanza uligeuza 10.0.0.5 kuwa 10.0.0.50 kwenye tovuti ilizowahi kuzifikia. Ulipoikatiza na kuianzisha upya, ikazikuta tena. Ndani ya "10.0.0.50" bado mnaonekana "10.0.0.5", basi ikaongeza sifuri nyingine. Tovuti 31 ndizo zilizokuwa zimefikiwa kabla ya Ctrl+C. Na ile `cp` nayo, kwenye hizo 31, ilifunika nakala nzuri ya mwanzo kwa nakala iliyokwisha kubadilishwa. Utauliza mbona dakika kumi na tatu zilitosha tovuti 31 tu. Ni kwa sababu ya umbo la `for f in $(find ...)`. Kitanzi hakianzi hata faili moja mpaka `find` imalize kuandika orodha nzima, na wewe uliituma iorodheshe mashine yote kuanzia mzizi (`/`). Sehemu kubwa ya dakika zile ilikuwa inaorodhesha tu, kimya, na ukimya ndio uliokutia wasiwasi ukakatiza. Ungekuwa na skripti ya sekunde tano usingepata muda wa kuwa na wasiwasi.

Na ndiyo maana nalipa uzito swali lako. Wapo watakaokwambia dakika 52 za usiku si kitu, lala, utaikuta imeisha. Mimi nasema hapana. Kazi inayochukua saa nzima haijaribiwi mara mbili kabla ya kufanywa kweli, na hairudiwi kwa utulivu ikikosea. Ya sekunde tano utaijaribu mara kumi mchana kweupe.

Tuhesabu. WordPress tupu, bila plagini hata moja, ina faili za `.php` zaidi ya elfu moja. Zidisha kwa tovuti 280: zaidi ya 280,000, na bado plagini na mapambo (themes) ya wateja. Kwa kila faili uliamsha programu mbili, `cat` na `grep`. Hiyo ni zaidi ya mara 560,000 kerneli, yaani kiini cha Linux, inaombwa itengeneze prosesi mpya (programu inayoendeshwa), ipakie programu, ifungue faili, isome, ifunge, iue prosesi. Na ulichokuwa unakitafuta ni faili 280 tu, ambazo jina lake unalijua na mahali pake unapajua.

Usiniamini kwa maneno, jaribu kwenye kompyuta yako kama nilivyofanya mimi jioni nilipopata barua yako. Kerneli ya Linux ina kitabu chake cha hesabu, `/proc/stat`, na humo kuna mstari unaoanza na neno `processes`. Unataja prosesi zote zilizozaliwa tangu mashine iwashwe. Tengeneza folda yenye faili elfu moja ndogo, kisha andika:

```
grep processes /proc/stat
find majaribio -type f -exec sed -i 's/a/b/' {} \;
grep processes /proc/stat
```

Toa namba ya kwanza kwenye ya pili. Kwangu ilikuwa 1,002: `find` moja, `sed` elfu moja, na ile `grep` ya mwisho. Halafu rudia amri ileile lakini badala ya `\;` weka alama ya kujumlisha, `+`. Tofauti ikawa 3. Faili ni zilezile elfu moja na matokeo ni yaleyale.

Mzazi akimtuma mtoto dukani alete unga, akirudi amtume chumvi, akirudi amtume mafuta ya kupikia, mtoto atamaliza siku barabarani na duka lenyewe lipo mtaa wa pili. Ile `\;` ndiyo hiyo, safari moja kwa kila kitu. Ile `+` inampa mtoto orodha na kikapu. `find` hukusanya majina mengi iwezekanavyo ikayapa `sed` moja kwa mkupuo, na kikapu kikijaa hufunga safari ya pili yenyewe.

Hata hivyo, wengi hujifunza hiyo `+` wakaishia hapo, na wewe ungeiweka tu bado ungekuwa unasoma faili 280,000. Kikapu kizuri hakisaidii ukienda duka lisilohusika. Faida kubwa kwako ipo kwenye kupunguza mahali pa kutafutia.

Anza na mzizi. `find /` inaingia `/proc` na `/sys`, ambazo hazipo kwenye diski kabisa, ni kerneli inavyojieleza. Inaingia pia diski yoyote ya nje iliyopachikwa, na kama kuna folda ya mashine nyingine inayofikiwa kwa mtandao, kila jina humo ni safari ya kwenda na kurudi kwenye waya. Tovuti zako zipo `/home`, basi anzia `/home`, na ongeza `-xdev` ili isivuke kwenda diski nyingine.

Kisha kina. WordPress huiweka `wp-config.php` kwenye folda yake kuu, au inakubali ikae folda moja juu yake. Kwa mpangilio wa `/home/mteja/public_html/wp-config.php`, `/home` ni kina cha sifuri, mteja ni cha kwanza, `public_html` cha pili, faili yenyewe ni ya tatu. Mteja aliyeweka blogu kwenye folda ndogo atakuwa kina cha nne. Basi `-maxdepth 4` inatosha, na picha zote za `wp-content/uploads` za miaka na miaka hazitaguswa. Huko ndiko diski yako ilikuwa inalia.

Ikitokea siku una faili zisizojulikana zimejificha kina gani, `-maxdepth` haitakufaa, utahitaji `-prune`:

```
find /home -type d \( -name wp-content -o -name node_modules \
  -o -name .git \) -prune -o -type f -name wp-config.php -print
```

Hapa pana mtego ninaouona kila mwezi. Watu huandika `-not -path '*/wp-content/*'` wakidhani wamezuia folda. Hawajazuia. `find` bado inaingia humo, inapita kila jina, halafu inakataa kukuonyesha. Orodha inatoka safi na muda ni uleule. `-prune` ndiyo inayoigeuza mlangoni. Na usisahau `-print` mwishoni, bila hiyo utaletewa pia majina ya folda ulizozikataa.

Halafu chuja kabla ya kuhariri. `sed -i` haihariri faili mahali ilipo kama jina lake linavyodokeza. Inaandika faili mpya pembeni, kisha inaibadilishia jina ichukue nafasi ya ile ya zamani. Inafanya hivyo hata kama haikukuta neno la kubadilisha. Ukiimwagia faili elfu moja wakati kumi tu ndizo zinahusika, utaandika upya elfu moja, na tarehe za zote zitabadilika, hata bekapu ya usiku itadhani zote ni mpya na kuzibeba. `grep -l` inakupa majina tu, na kwenye kila faili inaacha kusoma mara inapokuta mstari wa kwanza unaofanana.

Mchoro wenyewe nao uurekebishe. Kwenye `grep` na `sed`, nukta ni herufi yoyote, si nukta. "10.0.0.5" yako ingekubali hata "10,0,0,5" kwenye msimbo wa plagini. Nukta halisi huandikwa `\.`. Na kuzuia ule mzimu wa sifuri, weka `\b` pande zote mbili, ambayo ni mpaka wa neno. `\b10\.0\.0\.5\b` haiikubali 10.0.0.50, kwa sababu baada ya 5 bado kuna tarakimu. Ungekuwa nayo usiku ule, ungeikatiza na kuirudia mara ishirini bila madhara.

Nikiiunganisha yote, kazi yako ya mwezi ujao inakuwa hii, ukiwa ndani ya `/root`:

```
find /home -xdev -maxdepth 4 -type f -name wp-config.php \
  -exec grep -lZ 'DB_HOST.*\b10\.0\.0\.50\b' {} + > orodha
tr '\0' '\n' < orodha | wc -l
tar -czf kabla.tar.gz --null -T orodha
xargs -0 -r sed -i \
  '/DB_HOST/s/\b10\.0\.0\.50\b/hifadhi.ndani/' < orodha
```

`DB_HOST` ni mstari wenye anwani ya hifadhidata. Mstari wa `tr` unahesabu. Isipotoka 280, simama hapo, tafuta zilizobaki ziko wapi kabla ya kuendelea. Ile `-Z` na `-0` zinatenganisha majina kwa alama ambayo haiwezi kuwa ndani ya jina la faili, hivyo folda ya mteja yenye nafasi katikati ya jina haitavunja kitu, tofauti na `for` yako. `tar` inaweka nakala nje ya folda za tovuti, mahali ambapo mgeni hafiki. Itakuambia inaondoa mkwaju wa mwanzo kwenye majina, usishtuke. Kurudisha ni `tar -xzf kabla.tar.gz -C /`. Faili ya `wp-config.php` ni ya kilobaiti chache, zote 280 hazifikii ukubwa wa picha mbili za simu.

Umeona nimeandika `hifadhi.ndani` badala ya anwani mpya. Hilo ndilo ningependa ulifanye wiki hii, usisubiri usiku wa kuhama. Kwanza weka kwenye `/etc/hosts` ya seva ya tovuti, faili inayounganisha majina na anwani, mstari huu: `10.0.0.50 hifadhi.ndani`. Jaribu tovuti moja, ifungue, ingia sehemu ya usimamizi. Ikikubali, endesha hiyo skripti mchana tulivu. Hakuna kitakachobadilika kwa wateja, kwa kuwa jina linaelekea mashine ileile. Usiku hifadhidata itakapohama utafungua `/etc/hosts`, utabadilisha mstari mmoja, utaenda kulala. Mkifikia kuwa na seva tatu au nne, jina hilo lihamishieni kwenye DNS yenu ya ndani, huduma inayotafsiri majina kuwa anwani.

Kupima, tanguliza neno `time` mbele ya amri. Itakupa namba tatu: `real` ni saa ya ukutani, `user` ni muda programu zilipofikiri, `sys` ni muda kerneli ilipohangaika kwa niaba yao. Kwenye skripti yako ya zamani ningetarajia `sys` iwe imevimba, ndiyo dalili ya prosesi nyingi ndogondogo. `real` ikiwa kubwa huku hizo mbili ni ndogo, unasubiri diski au mtandao. Pima kila skripti mara mbili na ulinganishe mzunguko wa pili kwa wa pili, maana mara ya kwanza inasoma diski na mara ya pili inakuta majina kwenye kumbukumbu ya mashine (RAM). Vijana wengi wamesifia marekebisho yao kumbe ni kumbukumbu iliyowabeba.

Umesikia labda habari za `xargs -P`, ya kugawa kazi kwa prosesi kadhaa kwa pamoja. Kwa faili 280 haina maana.

Na mwambie bosi wako, kwa heshima, fedha ya seva kubwa aiweke. Mpe namba mbili azione mwenyewe: `find /home -name '*.php' | wc -l`, na `ls /home/*/public_html/wp-config.php | wc -l`. Pengo kati ya hizo mbili hakuna seva inayoliziba kwa bei ya kampuni ndogo ya Sinza.

Habari za kazi Mama Fundi. Nilibadilisha jina la tovuti kwa `sed -i.bak` kwenye `/etc/nginx/sites-enabled/*`. Ilikwenda haraka sana, sekunde haikufika. Lakini tangu siku hiyo nikihariri faili za `sites-available` hakuna kinachobadilika, na nginx, programu ya seva ya wavuti, inalalamika majina ya tovuti yanagongana. Nimekosea wapi?

*Dada wa Tabata*

Nzuri, dada yangu. Kwenye Debian na Ubuntu, vilivyomo `sites-enabled` kwa desturi si faili, ni viungo vinavyoelekea `sites-available`. Kama nilivyomweleza kijana wa Sinza, `sed -i` inaandika faili mpya na kuipa jina la ile ya zamani. Ukiielekeza kwenye kiungo, kiungo kinaondoka na faili halisi inakaa mahali pake. Faili yako ya `sites-available` imebaki na maneno ya zamani, na jina lililo `sites-enabled` haliielekei tena. Ndiyo sababu unahariri na hakuna kinachotokea.

Malalamiko ya nginx yanatokana na `.bak`. Mpangilio wa huko unaiambia nginx isome kila kilichomo `sites-enabled`, kila jina, bila kujali linaishia na nini. Nakala zako nazo zinasomwa kama tovuti.

Andika `ls -l /etc/nginx/sites-enabled`. Mstari unaoanza na herufi `l` bado ni kiungo, unaoanza na kistari ni faili. Kwa kila iliyogeuka faili, ilinganishe kwa `diff` na mwenzake wa `sites-available`, nakili mabadiliko unayoyataka yaende huko, kisha ifute na urudishe kiungo kwa `ln -s`. Ondoa `.bak` zote humo. Halafu `nginx -t`, na usiguse kitu kingine mpaka iseme sawa, ndipo upakie upya. nginx inayoendelea kufanya kazi hubaki na mipangilio iliyo nayo kwenye kumbukumbu, kwa hiyo kosa lililolala kwenye faili linaweza kukusubiri mpaka siku mashine inawashwa upya, umeme umekatika, na wewe upo kwenye daladala Ubungo.

Safari nyingine hariri `sites-available` moja kwa moja. `sed` ya GNU inayo pia `--follow-symlinks`, itakayofuata kiungo hadi faili yenyewe, lakini mimi naona ni salama zaidi kuzoea kwenda kwenye chanzo.

Mama Fundi, shikamoo. Tumeambiwa bash, lugha ya skripti hizi za Linux, ni polepole. Je, nikiandika skripti kama hizi kwa Python zitakwenda haraka zaidi?

*Mwanafunzi, Mlimani*

Marahaba. Ukiandika Python inayopita faili 280,000 ili kuhariri 280, itakuwa afadhali kuliko kitanzi cha `cat` na `grep`, kwa kuwa haizalishi prosesi kwa kila faili. Lakini `find` yenye `-maxdepth` na `+` itaiacha mbali. Kwa maandishi ya mstari mmoja mmoja, kaa na `find`, `grep` na `sed`. Zimeandikwa kwa C, na asili yao ni Bell Labs miaka ya 1970, zimepata muda wa kunolewa.

Python naichukua pale faili ya mipangilio ina umbo, kama JSON au YAML. Humo nafasi na mabano yana maana, na `sed` haijui kama "port" unayoibadilisha ni ya hifadhidata au ya seva ya barua. Soma faili kwa maktaba yake, badilisha thamani, andika upya. Na hakikisha Python yako ni ya 3.5 au zaidi, kwa kuwa toleo hilo la 2015 ndilo lililoifanya `os.walk` itumie `os.scandir`, ikaacha kuiuliza diski swali tofauti kwa kila jina.

Ndani ya `os.walk` kuna kitu wanafunzi wangu wengi walikikosa. Inakupa orodha ya folda inazokaribia kuingia, na ukiipunguza orodha hiyohiyo, haiingii:

```
for njia, folda, faili in os.walk('/home'):
    folda[:] = [x for x in folda if x not in ('wp-content', '.git')]
```

Hizo `[:]` ni za lazima. Ukiandika `folda = [...]` bila hizo, unatengeneza orodha yako mpya pembeni, na `os.walk` inaendelea na ile yake ya zamani hadi picha ya mwisho.